Blagoje Vidinić: kocha aliyeipeleka Léopards Kombe la Dunia, kisha akaitwa msaliti

Timu ikifungwa mara tatu mfululizo, mashabiki hawangoji komite iseme. Kwenye vituo vya motari vya Masisi-centre, Nyabiondo na hadi Walikale-centre, swali linakuwa moja: nani atachukua nafasi ya kocha? Iwe ni Mazembe, Vita, Imana ao timu ya Goma kama DC Virunga, wabishi wanagawanyika pande mbili. Wamoja wanataka mzungu, kwa kuwa mzungu hana shemeji wala mtoto wa kwao ndani ya timu. Wengine wanataka mtoto wa inchi, kwa kuwa anajua lugha ya wachezaji na hana pa kukimbilia mambo yakiharibika. Mzee aliyesikiliza mechi za 1974 kwenye redio akiwa karibu, hakawii kutaja jina la Vidinić. Hapo mabishano yanaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi.

Wanaomtaka kocha wa kigeni wanamtaja sababu ya kikombe alicholeta. Wasiomtaka wanamtaja sababu ya magoli tisa. Mtu mmoja, mwaka mmoja, na pande zote mbili zinamchota yeye kama ushahidi.

Blagoje Vidinić alizaliwa tarehe 11 Juni 1934 mjini Skopje, ndani ya Yugoslavia ya wakati ule. Leo mji huo ni mji mkuu wa Macedonia Kaskazini. Alikuwa mlinda goli. Alikuwa kwenye timu ya Yugoslavia iliyopata medali ya fedha katika michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na kwenye ile iliyopata dhahabu Roma mwaka 1960. Mwaka huohuo wa 1960, mwezi wa saba, alisimama golini mjini Paris kwenye fainali ya kwanza kabisa ya kombe la mataifa ya Ulaya. Yugoslavia ilifungwa na Umoja wa Kisovieti 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Baadaye alichezea Sion ya Uswisi, kisha akavuka bahari kwenda Marekani, ambako kabumbu ilikuwa bado mchezo wa wahamiaji, na huko akamalizia miaka yake ya uchezaji.

Kazi ya ukocha ndiyo iliyomleta Afrika. Mwaka 1970 aliiongoza Morocco kwenye Kombe la Dunia huko Mexico. Morocco ilitangulia kuifunga Ujerumani Magharibi, ikashangaza wengi, kisha ikapoteza 2-1. Ikafungwa 3-0 na Peru, ikatoka sare 1-1 na Bulgaria. Sare ile ndiyo pointi ya kwanza ambayo timu ya Afrika ilipata kwenye Kombe la Dunia. Wakati huo bara zima lilikuwa na nafasi moja tu. Morocco ndiyo iliyoshika nafasi hiyo mwaka 1970, Zaïre mwaka 1974, na mara zote mbili aliyekaa kwenye benchi alikuwa Vidinić.

Alipochukua Léopards, hakukuta kiwanja kitupu, na jambo hili wabishi wengi wanalisahau. Mazembe, iliyoitwa Englebert, ilikuwa imekwisha kuchukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Timu ya taifa nayo ilichukua Kombe la Afrika mwaka 1968 mjini Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0, kwa goli la Kalala. Kocha wa siku hiyo alikuwa Ferenc Csanádi kutoka Hungaria. Na Vita Club ilikuwa inakaribia kuwa bingwa wa Afrika mwaka 1973. Kwa hiyo Vidinić alipokea wachezaji waliojua kushinda. Kazi yake ngumu ilikuwa kuwaweka meza moja watu wa Vita, wa Imana na wa Mazembe, ambao siku ya Mungu walikuwa wakipigana viwanjani kwa ajili ya vilabu vyao. Bwanga Tshimen na Kazadi Mwamba walitoka Lubumbashi. Ndaye Mulamba, Kibonge na Mayanga walikuwa wa Vita. Kakoko alikuwa wa Imana. Juu ya wote hao, nahodha Kidumu.

Tarehe 9 Desemba 1973, mjini Kinshasa, Léopards waliifunga Morocco 3-0. Morocco ilimulalamikia mwamuzi na ikakataa kucheza mechi ya marudio. Hivyo Vidinić aliifungia mlango timu aliyokuwa ameiongoza yeye mwenyewe, na Zaïre ikawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia.

Wakaaji wa Masisi wana sababu ya kukumbuka tarehe zile kwa jambo lingine. Siku tisa tu kabla ya mechi hiyo, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alikuwa ametangaza zaïrianisation. Biashara na mashamba ya wageni yalipaswa kupita mikononi mwa Wazaïre, na kwenye vilima vya Masisi hiyo ilimaanisha mashamba makubwa ya kahawa, chai na ya ng'ombe yaliyokuwa ya wazungu tangu ukoloni. Mkulima mzungu aliambiwa aondoke. Kocha mzungu aliambiwa aendelee. Katika inchi ambako hata majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, timu ya taifa, ambayo serikali iliitaka iwe sura ya Mzaïre mpya mbele ya ulimwengu, ilibaki mikononi mwa mtu wa Skopje. Timu ilikuwa inashinda, na mshindi haulizwi mengi.

Mwezi wa tatu 1974, huko Misri, alishinda tena. Safari ya kombe lile haikuwa laini. Léopards waliifunga Guinée 2-1, wakapoteza 2-1 mbele ya ndugu wa Brazzaville, kisha wakaichapa Mauritius 4-1. Katika nusu fainali, wenyeji Misri walitangulia kwa magoli mawili. Zaïre ikarudi na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikabidi ichezwe tena siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi. Zaïre ikashinda 2-0. Magoli yote manne ya Zaïre katika fainali hizo mbili yalitoka kwa Ndaye, aliyefikisha magoli tisa katika shindano moja. Nyumbani wachezaji walipokelewa kama mashujaa, na raïs akawapa nyumba na magari.

Miezi mitatu baadaye, yote yaligeuka.

Kombe la Dunia liliiweka Zaïre kundi moja na Scotland, Brazil na Yugoslavia. Yaani kocha alipaswa kucheza dhidi ya inchi yake ya kuzaliwa. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Léopards walifungwa na Scotland 2-0, na wengi waliona kwamba hawakucheza vibaya. Baada ya mechi hiyo ndipo habari ilipowafikia wachezaji kwamba pesa zao za prime hazitafika. Kadiri walivyosimulia baadaye, zilikuwa zimepotelea mikononi mwa wakubwa waliosafiri na timu. Wachezaji wakakataa kucheza mechi ya pili. Walibembelezwa, wakatishwa, na mwishowe wakaingia kiwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni bila moyo.

Yugoslavia ilifunga la kwanza dakika ya 8, la pili dakika ya 14, la tatu dakika ya 18. Hapo likaja jambo ambalo linabishaniwa mpaka leo. Kazadi, mlinda goli wa kwanza, hakuwa ameumia, lakini alitolewa nje baada ya dakika ishirini na kitu, akaingia Tubilandu wa Vita, mtu mfupi kwa nafasi ile. Muda kidogo tu Tubilandu akaokota mpira wavuni. Kisha mwamuzi kutoka Kolombia akamfukuza Ndaye kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliyempiga mwamuzi teke alikuwa Mwepu Ilunga, na yeye mwenyewe alikubali baadaye. Wakati wa mapumziko ilikuwa 6-0. Mwisho ikawa 9-0.

Kwa shabiki aliyekaa na redio Kinshasa, Lubumbashi ao kwenye vijiji vya Kivu, iliyokuwa bado jimbo moja lenye makao makuu Bukavu, hesabu ilionekana rahisi. Kocha ni Myugoslavia. Waliofunga ni Wayugoslavia. Kocha kamtoa Kazadi. Basi kauza mechi. Shabiki wa Mazembe aliongeza neno lake: kwa nini wa Lubumbashi atoke na wa Vita aingie?

Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi haikuwa yake. Kwa maelezo yake, mtu wa wizara ya michezo aliyekuwa karibu na benchi ndiye aliyetaka mlinda goli abadilishwe, naye akakubali. Hilo halimwondolei lawama yote, kwa kuwa kocha anayekubali kupangiwa timu katikati ya mechi amekwisha kuacha kazi yake. Lakini kukubali kuamriwa ni kosa moja, na kuuza inchi ni kosa lingine kabisa. Mlinda goli wa zamani kama yeye alijua vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani maana ya kumwingiza golini mtu aliyepoa, timu ikiwa nyuma kwa magoli matatu.

Kuna pia hesabu ya kundi, ambayo haitajwi sana kwenye mabishano. Brazil na Yugoslavia zilikuwa zimetoka 0-0. Brazil na Scotland zilitoka 0-0 siku ileile ya 18 Juni. Baadaye Scotland na Yugoslavia zikatoka 1-1. Timu tatu kubwa hazikuweza kufungana, kwa hiyo kilichowatenganisha ni idadi ya magoli ambayo kila mmoja alimfunga Zaïre. Yugoslavia haikuhitaji siri ya kocha ili iwe na njaa ya magoli. Njaa ilikuwa kwenye jedwali, na mbele yao walikuta timu iliyogoma asubuhi na kupungukiwa mtu mmoja tangu dakika ya 22.

Kwa Brazil, tarehe 22 Juni, Kazadi alirudi golini. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walikuwa wametishwa na watu wa Mobutu: wakifungwa manne, wasirudi nyumbani. Brazil ilihitaji magoli matatu ili Scotland itoke, na ikapata matatu, la mwisho likimponyoka Kazadi. Ni katika mechi hiyo Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu kabla Wabrazil hawajaupiga. Ulimwengu ulicheka, ukidhani mtu hajui sheria. Bingwa wa Afrika hajui mpira wa adhabu?

Kwenye kombe hilohilo Vidinić alikuwa na mkono katika jambo kubwa zaidi, nje ya kiwanja. Tarehe 11 Juni 1974, siku alipotimiza miaka 40, FIFA ilipiga kura mjini Frankfurt, na João Havelange wa Brazil akamwangusha Mwingereza Stanley Rous. Kadiri Vidinić mwenyewe alivyosimulia, yeye ndiye aliyemtonya rafiki yake Horst Dassler wa Adidas kwamba anamuunga mkono mtu atakayeshindwa, akamwelekeza kwa Havelange kabla ya kura. Urafiki wa wale wawili ulibadilisha biashara ya kabumbu duniani, na kocha wa Zaïre ndiye aliyefungua mlango.

Hakubaki Kinshasa. Kuanzia 1976 hadi 1979 aliifundisha Kolombia, na huko pia Brazil ilimngojea: mwaka 1977 ilimfunga 6-0 kwenye mechi za kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Baadaye alifanya kazi na Adidas na kuishi Ufaransa.

Huku nyumbani, wabishi wamepata hoja mpya tangu wakati ule. Wanaomtaka mtoto wa inchi wana Santos Mutubile, aliyechukua CHAN ya kwanza mwaka 2009 mjini Abidjan, na Florent Ibenge, aliyeshika nafasi ya tatu Kombe la Afrika 2015 na kuchukua CHAN ya 2016 mjini Kigali kwa kuifunga Mali 3-0. Wanaomtaka mgeni wanajibu kwa Mazembe, iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka 2010 na Lamine N'Diaye kutoka Senegal, na mwaka 2015 na Mfaransa Patrice Carteron. Kisha wanatoa karata yao ya mwisho: Makombe mawili ya Mataifa ya Afrika ambayo Kongo inayo yalikuja na Mhungaria na Myugoslavia. Ni nadra mtu kuuliza ni nani aliyeshika sanduku la prime mwaka 2009 ao 2016, na kama lilifika kwa wachezaji.

Blagoje Vidinić alikufa tarehe 29 Desemba 2006 mjini Strasbourg, akiwa na miaka 72. Kikombe alichoshika Cairo ndicho Kombe la Afrika la mwisho ambalo Léopards walileta nyumbani.