LI GAO: TABIBU ALIYEPATA ELIMU YAKE KATIKA MJI ULIOZINGIRWA

Wachina huwahesabu matabibu wanne kuwa ndio walioufungulia uganga wao njia mpya kati ya karne ya 12 na ya 14. Mmoja wao ni Li Gao, ambaye watu wa zama zake walimwita Mzee wa Dongyuan, kwa jina la kale la mji wake. Wenzake watatu wanastahili heshima yao, lakini kwa mtu avaaye sare maisha ya Li Gao yana uzito wa pekee. Fundisho lake kubwa, kwamba hofu, hasira, njaa na uchovu huweza kumwangusha mtu ambaye silaha ya adui haikumgusa, alilithibitisha ndani ya mji uliozingirwa na majeshi.

Li Gao alizaliwa mwaka 1180 huko Zhending, kaskazini ya China, katika jamaa yenye mali nyingi. Sehemu hiyo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa ukoo wa Jin. Alilelewa kama vijana wa matajiri walivyolelewa, akasoma vitabu vya wahenga na kujifunza adabu, na hakuna aliyemdhania kuwa angekuwa mganga, kwani kazi hiyo haikuwa na cheo kikubwa mbele ya wasomi.

KIFO CHA MAMA YAKE

Alipokuwa kijana aliyepita kidogo miaka 20, mama yake aliugua. Kwa kuwa nyumba ilikuwa na uwezo, matabibu wengi waliitwa, na kila mmoja alitoa shauri lake. Huyu alisema ni joto, yule alisema ni baridi, na dawa za namna mbalimbali zikamiminwa katika mwili wa mgonjwa yule yule. Mama akafariki, na hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyeweza kueleza ni ugonjwa gani uliomwua.

Li Gao aliona uchungu usiokuwa na kifani, akajilaumu kwamba alisoma mengi lakini hakujua lililohitajika siku ile. Ndipo alipochukua mali nyingi akaenda Yizhou kwa tabibu mashuhuri Zhang Yuansu, akaomba kupokewa kuwa mwanafunzi. Alikaa naye miaka kadhaa hata akaipata elimu yote ya mwalimu wake. Hata hivyo hakufungua mlango wa biashara. Alitibu jamaa na marafiki, akaendelea na shughuli nyingine, na ulipotokea ukame na njaa katika nchi alitumia nguvu na mali yake kuwaokoa watu waliokuwa wakikimbia makwao.

Baadaye alishika kazi ya afisa wa kodi huko Jiyuan. Mwaka 1202 yalizuka huko maradhi ya kuambukiza ambayo yalivimbisha kichwa na uso, yakafunga koo na kuua watu wengi. Matabibu wa mahali hapo waliwapa wagonjwa dawa za kuharisha, na wagonjwa wakafa mmoja baada ya mwingine. Li Gao, ambaye kazi yake ilikuwa kodi, hakuona kuwa jambo hilo halimhusu. Alifikiri usiku na mchana, akatunga mchanganyiko wa mitishamba uliowasaidia wengi, kisha akaagiza maelezo ya dawa hiyo yabandikwe mahali palipokusanyika watu, ili kila mtu ajitengenezee bila malipo. Wenyeji waliyachora maelezo hayo juu ya jiwe, wakiamini kuwa yametoka mbinguni.

MALANGO 12 YA KAIFENG

Wakati huo Wamongolia walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Mwaka 1214 mfalme wa Jin aliuhama mji wake mkuu, ambao leo ni Beijing, akahamia Kaifeng, kusini ya Mto Manjano. Li Gao naye alikimbilia huko, na hapo ndipo uganga wake ulipojulikana miongoni mwa maofisa na watu wakubwa.

Katika mwaka 1232 majeshi ya Wamongolia, yakiongozwa na jemadari Subutai, yaliuzingira mji wa Kaifeng. Mashambulizi makali yalidumu kiasi cha nusu ya mwezi. Walinzi wa mji walipigana kishujaa, wakatupa hata mabomu ya chuma yaliyojazwa baruti, na adui hakuweza kuvunja kuta. Mapatano yakafanywa, mashambulizi yakasimama, watu wakashukuru kwamba wameokoka.

Lakini msiba mkubwa zaidi ulikuwa bado. Baada ya mji kufunguliwa, watu walianza kuugua na kufa kwa wingi wa kutisha. Li Gao aliandika kwamba mji ulikuwa na malango 12, na katika kila lango maiti kati ya 1,000 na 2,000 zilitolewa kila siku kwa muda wa karibu miezi mitatu. Nayo historia rasmi ya ukoo wa Jin inataja maiti zaidi ya 900,000 katika siku 50. Wanahistoria huzipokea hesabu hizo kwa tahadhari, lakini zote mbili zashuhudia kuwa waliokufa baada ya vita walikuwa umati mkubwa.

Matabibu wa mji waliona homa, wakadhani ni baridi iliyoingia kutoka nje. Wengine walitoa dawa za kutoa jasho, wengine wakatoa mbegu kali za kuharisha. Wagonjwa waligeuka manjano, vifua vikabana, wakafa. Li Gao aliwatazama wagonjwa wale wale akaona jambo jingine. Hawa ni watu waliokesha kwa hofu, waliokula ovyo au kukosa kula, waliofanya kazi ya kupita kiasi, waliolala katika joto na baridi bila mpango. Nguvu ya matumbo yao ilikwisha kupunguka kwa siku nyingi. Chakula kilipopatikana, walikula hata wakashiba kupita kiasi, na matumbo yale dhaifu hayakuweza kuuchukua mzigo huo. Kisha wakapewa dawa kali, zikawamaliza. Alikumbuka kuwa hali kama hiyo ilitokea pia huko Dongping, Taiyuan na Fengxiang miaka ya nyuma, baada ya miji hiyo kuzingirwa.

Elimu ya leo inatuongezea mambo mawili. Wataalamu wengi huona kuwa maradhi ya kuambukiza yalikuwamo katika mji ule, na wengine wametaja tauni. Hali kadhalika, madaktari wanajua sasa kwamba mtu aliyeshinda na njaa kwa muda mrefu akipewa chakula kingi kwa ghafula, chumvi za damu yake huvurugika na moyo huweza kusimama. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1945, wafungwa walipotolewa katika kambi za vita. Li Gao hakujua habari za vijidudu wala za chumvi za damu, lakini hatari ya shibe ya ghafula aliiona na kuiandika miaka 700 kabla ya hapo.

TUMBO, MOYO NA MAJIRA

Mwaka 1234 utawala wa Jin ulianguka. Li Gao alikuwa amekwisha ondoka Kaifeng, akaishi miaka kadhaa huko Shandong, na mwaka 1244 akarudi kwao Zhending akiwa mzee. Mwaka 1247 alikamilisha kitabu cha kutofautisha maradhi yanayotoka nje na yale yanayozaliwa ndani ya mwili. Mwaka 1249 alimaliza kile kilichompa sifa kubwa kuliko vyote, kitabu cha bandama na tumbo. Yafaa ieleweke kuwa bandama ya matabibu wa Kichina si kiungo tu kama kitajwavyo hospitalini, bali ni kazi nzima ya kukigeuza chakula kuwa nguvu.

Fundisho lake lilikuwa hili. Nguvu ya uhai hutoka katika tumbo. Hasira, huzuni, mawazo mengi na hofu huiunguza nguvu hiyo kama moto unavyounguza mafuta ya taa, na wenye tumbo dhaifu huungua upesi zaidi. Kwa sababu hiyo alifundisha kwamba kumtibu mtu wa namna hii ni kulituliza tumbo pamoja na moyo wake. Alieleza kuwa mgonjwa akipata jambo la furaha, akikaa mahali pa vuguvugu, akila chakula kitamu au kuona kile akipendacho, huweza kuchangamka kana kwamba hakuwa mgonjwa.

Majira nayo aliyapa nafasi yake. Katika majira ya kuchipua kwa majani na ya joto nguvu za ulimwengu hupanda, na katika majira ya kupukutika kwa majani na ya baridi hushuka na kujihifadhi. Mwili wa mwanadamu hufuata mwendo huo. Kwa hiyo dawa ya mwezi wa joto haikuwa sawasawa na ya mwezi wa baridi, hata kama ugonjwa ulikuwa mmoja. Kwa joto lenye unyevu, ambalo huwalegeza watu viungo na kuwaondolea hamu ya kula, alitunga dawa ya pekee.

Mashauri yake ya kila siku yalikuwa mepesi. Hali ya hewa ikigeuka, jikinge mapema kwa nguo na mahali pa kukaa. Usisimame penye upepo baada ya kuoga. Ukikosa usingizi kwa njaa, kula kidogo. Ukiukosa kwa shibe, tembea kidogo au kaa kitako. Punguza maneno, punguza tamaa.

MRITHI WAKE

Alipokuwa mzee Li Gao alitafuta mtu wa kumwachia elimu yake, akaletewa kijana aliyeitwa Luo Tianyi. Alimwuliza kama amekuja kujifunza uganga wa kutafuta fedha au uganga wa kuieneza njia njema. Kijana akajibu kuwa amekuja kwa ajili ya njia. Mzee akamlisha na kumfundisha, na baada ya miaka mitatu, akijua kwamba nyumba ya mwanafunzi ina shida, akampa fedha ili jamaa yake isimvunje moyo.

Mwaka 1251, kifo kilipokaribia, Li Gao alivipanga vitabu vyake kwa taratibu mbele yake akamkabidhi Luo, akimwonya kuwa havikuandikwa kwa ajili yao wawili bali kwa ajili ya watu watakaokuja, asiviache vipotee. Luo aliutimiza wosia huo. Mwaka 1276 alikuwa bado akichapisha maandiko ya mwalimu wake.

FUNZO KWA ASKARI

Nchi zetu hazina baridi ya Zhending, na mgonjwa wa leo mahali pake ni hospitali, si kujinunulia mizizi sokoni. Lakini yapo mambo ambayo kila kiongozi wa kikosi au wa kituo cha polisi aweza kuyachukua kwa Li Gao. Askari aliyekaa siku nyingi bila chakula apewe kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa mganga wa kikosi. Askari anayerudi kutoka operesheni akiwa hana usingizi, hali chakula na ana hasira za karibu, asidhaniwe kuwa mvivu au mwoga. Apumzishwe, apewe chakula cha moto, awe karibu na wenzake na jamaa yake, na apelekwe kwa daktari hali hiyo ikiendelea. Mvua zinapokaribia, mablanketi, makoti na vyandarua vikaguliwe kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Kuta za Kaifeng hazikuvunjwa katika siku zile za mashambulizi, na walinzi wake wanastahili sifa kwa hilo. Watu wao walikufa baada ya malango kufunguliwa, wakati ambapo kila mtu alidhani kazi imekwisha.