Henslow: Profesa aliyewatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka vinamasini

JINA la Charles Darwin linafahamika kwa karibu kila mtu aliyepitia masomo ya biolojia sekondari. Jina la John Stevens Henslow hutajwa kwa nadra, ingawa ndiye aliyemfundisha Darwin namna ya kuitazama mimea, na ndiye aliyempatia nafasi ya safari iliyomfanya ajulikane duniani kote.

Henslow alizaliwa Februari 6, 1796 mjini Rochester, katika jimbo la Kent, Uingereza, akiwa mtoto wa mwanasheria. Utotoni alisoma kitabu cha msafiri Mfaransa, François Levaillant, kilichoeleza safari zake za kusini mwa Afrika. Tangu hapo akawa na shauku kubwa ya kufika katika bara hili. Shauku hiyo haikutimia hadi alipoingia kaburini.

Mwaka 1814 alijiunga na chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1818 akahitimu shahada yake. Mwaka uliofuata, yeye na mtaalamu wa miamba, Adam Sedgwick, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Falsafa cha Cambridge. Mwaka 1822, akiwa na umri wa miaka 26 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa madini, na mwaka 1825 akakabidhiwa kiti cha uprofesa wa mimea.

Kiti hicho alikikuta kikiwa kama nyumba iliyohamwa. Mtangulizi wake, Thomas Martyn, alikuwa amekishikilia tangu mwaka 1762, lakini kwa takriban miaka 30 ya mwisho hakuwa akitoa mihadhara. Bustani ya mimea ya chuo ilikuwa ndogo na imebanwa na majengo katikati ya mji, na vielelezo vya kufundishia vilikuwa vimechakaa.

Zaidi ya hayo, elimu ya mimea haikuwa na uzito wowote katika mitihani. Wanafunzi wa Cambridge wa wakati huo walipimwa kwa hisabati, lugha za kale na dini. Kijana aliyekwenda kumsikiliza profesa wa mimea hakuongezewa hata alama moja.

Henslow alianza mihadhara yake mwaka 1827, na hakuridhika na kusoma madaftari mbele ya vijana waliokaa kimya. Aliwagawia wanafunzi maua halisi, kila mmoja na kibao chake cha mbao, wayapasue wenyewe na kueleza walichokiona. Ukutani alitundika michoro mikubwa aliyoichora kwa mkono wake.

Kisha akawatoa nje ya darasa. Walikwenda kwa miguu, kwa magari ya kukokotwa na farasi, na mara nyingine kwa mashua kufuata mto Cam hadi kwenye vinamasi. Mojawapo ya maeneo waliyoyapenda ni Gamlingay, yaliyokuwa na maua ya porini na vyura wasioonekana kwa urahisi kwingineko. Njiani profesa alisimama kila palipopatikana mmea, mdudu au konokono wa kuzungumziwa.

Matembezi hayo hayakuwa burudani tu. Henslow alikuwa na swali zito alilokuwa akilitafutia jibu: mipaka ya spishi ya mmea ni ipi? Ni tofauti zipi zinazotokana na udongo, kivuli au unyevu, na ni zipi zinazotenganisha spishi moja na nyingine?

Ili kulijibu, alikusanya mimea mingi ya spishi ileile kutoka sehemu mbalimbali, akaikausha na kuibandika pamoja katika karatasi moja, mifupi kwa mirefu, ili tofauti zionekane kwa jicho. Pembeni aliandika mahali mmea ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Mkusanyo huo ulifikia karatasi zaidi ya 3,500 zenye mimea ipatayo 10,000.

Miongoni mwa majina ya wachumaji hao yamo ya wanafunzi wake. Kwa maneno mengine, mmea ulioletwa na kijana wa shahada ya kwanza haukutupwa jalalani baada ya somo. Uliingia katika utafiti wa kweli, ambao profesa mwenyewe hakujua ungeishia wapi. Hapo ndipo lilipokuwa jambo jipya katika ufundishaji wake.

Darwin, aliyepelekwa Cambridge kusomea ukasisi, alihudhuria mihadhara hiyo miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1829 hadi 1831. Alizoea kuandamana na Henslow katika matembezi ya karibu kila siku, hata wahadhiri wakamtambua kwa hilo kabla ya kulijua jina lake.

Siku moja Darwin aliona chini ya hadubini mirija midogo ikichomoza kutoka katika chembe za chavua. Alikimbia kwa furaha kumpasha mwalimu wake habari za ugunduzi huo. Jambo hilo lilikuwa limekwishajulikana na wataalamu, lakini Henslow hakumcheka. Alikubali kuwa ni jambo la kupendeza, akamweleza maana yake, na kumwachia agundue taratibu kuwa si yeye wa kwanza. Kijana aliondoka akiwa na hamu ya kuchunguza zaidi.

Mwaka 1831 serikali ya Uingereza ilikuwa ikiandaa meli ya Beagle kwenda kupima pwani za Amerika Kusini, na nafasi ya mtaalamu wa viumbe ikawa wazi. Henslow mwenyewe alitamani kwenda. Hata hivyo, alipoona huzuni usoni mwa mkewe, Harriet, aliachana na wazo hilo. Shemeji yake, Leonard Jenyns, naye alikataa kwa sababu ya majukumu ya parokia.

Ndipo, Agosti 24 mwaka huo, Henslow alipomwandikia Darwin barua ya kumpendekeza. Mtu aliyeota safari za mbali tangu utotoni alimkabidhi mwanafunzi wake safari ambayo yeye hakuweza kuifanya.

Kwa miaka mitano masanduku ya mimea, mifupa na mawe yalipokelewa Cambridge na Henslow, aliyeyafungua, kuyatunza na kumwandikia Darwin ushauri. Mwaka 1835 alichapisha sehemu za barua za mwanafunzi huyo, na Darwin aliporejea mwaka 1836 tayari alikuwa na jina miongoni mwa wanasayansi.

Mimea ya visiwa vya Galapagos ndiyo iliyoonyesha faida ya mafunzo yale. Darwin alikuwa ameandika kila mmea ulitoka kisiwa gani, kama alivyozoeshwa. Mtaalamu Joseph Hooker, ambaye baadaye alimwoa Frances, binti wa Henslow, alipoichambua aligundua kuwa mingi ilikuwa ya kisiwa kimoja tu.

Si Darwin peke yake aliyenufaika. Miles Berkeley, aliyepita mikononi mwa Henslow, alikuja kuwa bingwa wa elimu ya kuvu. Mwaka 1846 alieleza kuwa ugonjwa wa bakajani ulioangamiza viazi na kuleta njaa kuu nchini Ireland ulisababishwa na kuvu, wakati wengi wakidai kuwa kuvu hao walikuja tu baada ya viazi kuoza.

Mwaka 1839 Henslow alihamia kijiji cha Hitcham, Suffolk, alikokuwa kasisi. Huko aliwafundisha watoto wa wakulima kuchuma na kuainisha mimea, na kuwahimiza wakulima kufanya majaribio ya mbolea katika mashamba yao. Lakini Cambridge ilipata hasara. Profesa alirudi kwa wiki chache tu kila mwaka, na idadi ya wanafunzi wake ikapungua. Ilidhihirika kuwa kazi iliyojengwa juu ya mabega ya mtu mmoja hutetereka anapoondoka. Mitihani ya shahada iliyojumuisha sayansi ya mimea ilianza mwaka 1851.

Juni 1860, mjini Oxford, Henslow aliongoza kikao maarufu kilichojadili kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi. Yeye mwenyewe hakukubaliana na hoja zote za kitabu hicho, lakini alihakikisha kuwa zinasikilizwa. Alifariki dunia Hitcham Mei 16, 1861, na kiti chake kikachukuliwa na Charles Babington, aliyewahi kuhudhuria mihadhara yake.

Bustani mpya ya mimea aliyoipigania, yenye ukubwa wa ekari 40, ilifunguliwa mwaka 1846 na ipo hadi leo. Karatasi zake za mimea iliyokaushwa nazo zimehifadhiwa Cambridge, zikiwa bado na majina ya vijana waliozichumia, kila jina na tarehe yake.