Mtoto wa Utumwani Aliyekuwa Mganga wa Karema

Msafiri atokaye Mpanda na kushika njia ya magharibi, akipita misitu na kuteremka hata aone maji, hufika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Siku hizi Karema yatajwa sana kwa ajili ya bandari yake mpya. Lakini mtaje Karema mbele ya wazee wa pwani ile, nao watakutajia mtu kwanza, ndipo wakutajie meli. Mtu huyo ni Adrien Atiman, katekista na mganga, aliyefika pale mwaka 1889 na kuwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi.

Habari za dawa zake zimesimuliwa mara nyingi. Sisi leo twataka kusimulia habari za shule yake, maana ndiyo isiyosemwa, na ndiyo inayotugusa wazazi. Katika halmashauri zetu yupo ofisa aliyekabidhiwa elimu maalumu, yaani watoto wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili au wa viungo, na wengine ambao darasa la kawaida halikutengenezwa kwa kipimo chao. Kila anapoomba fedha ya bweni, ya mlezi au ya vitabu vya nukta nundu, huulizwa swali lile lile, wakati mwingine kwa kinywa na mara nyingi kwa ukimya: Je, yafaa kutumia fedha nyingi hivyo kwa mtoto mmoja? Swali hili si geni. Karne moja na nusu iliyopita ungeweza kuuliza hivyo juu ya mtoto mweusi, mwembamba, asiye na baba wala mama karibu, aliyekuwa akiuzwa ukingoni mwa jangwa.

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 Tindirma, karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alikuwa na miaka kumi hivi wakati alipoibiwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na msafara wao. Aliyewahi kusoma habari za misafara ile ajua kwamba jangwa lilikuwa likiwapunguza watu njiani, na watoto walikuwa wa kwanza kuanguka. Yeye alifika hai. Huko Metlili, kusini mwa Algeria, Mapadre Weupe walimwona sokoni, wakamkomboa kwa fedha.

Hapa yafaa tuseme wazi jambo linalotatiza. Kumkomboa mtumwa kwa fedha ni tendo la huruma kwa yule mmoja, lakini mwenye kuuza huondoka na mfuko mzito, naye huenda kutafuta mwingine. Mapadre walilijua jambo hili, na Kardinali Lavigerie, aliyeuanzisha utawa wao mwaka 1868, alilijua kuliko wote. Ndiyo sababu mwaka 1888, hali akiwa mzee mwenye maradhi, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akiwataka watu waupige vita utumwa wenyewe. Lakini mtoto aliye mbele yako leo hawezi kungoja mpaka mikutano ya wakubwa iishe. Basi walifanya yote mawili.

Lavigerie alikuwa ameyazoea mambo ya watoto wasio na mtu. Katika njaa na kipindupindu vilivyoipiga Algeria miaka ya 1867 na 1868 alikusanya yatima zaidi ya elfu moja, akawatafutia vyakula, walezi, mashamba na shule. Katika kazi ile alijifunza jambo ambalo walimu wa elimu maalumu hulijua hata leo: kwamba kumweka mtoto wa namna hiyo katika dawati ni kazi ndogo, kazi kubwa ni yote yanayolizunguka dawati. Atalala wapi? Nani atamwuguza? Nani atasema naye kwa lugha anayoifahamu mpaka aipate ile ya darasani? Akiota ndoto mbaya usiku, nani ataamka? Twaona katika mpango wake wote kwamba maswali haya yalitangulia, na vitabu vikafuata.

Mwaka 1881 akafungua katika kisiwa cha Malta nyumba ya kuwasomesha vijana Waafrika waliotoka utumwani, ili wawe waganga. Wazo lake lilikuwa geni kwa wakati ule. Wazungu wengi waliona yatosha kumfundisha mtoto wa namna ile useremala au kulima. Yeye alitaka elimu ya juu, ya Chuo Kikuu, tena katika fani ambayo mtu aweza kuishi kwayo kwa jasho lake na kuheshimiwa na watu wake. Hakutaka wawe mapadre wote. Alitaka waoe, wawe na nyumba na watoto, wakae kijijini kama wengine, wale chakula cha kijiji na kuvaa mavazi ya kijiji. Aliwaonya mapadre wake wasiwageuze vijana hao kuwa Wazungu weusi. Ni shauri la hekima, ingawa hatuwezi kuacha kutabasamu kidogo: kijana aambiwa abaki Mwafrika kabisa, naye amewekwa kisiwani katikati ya bahari ya Ulaya miaka saba!

Atiman alikuwa mmoja wao. Vijana walilala katika nyumba ya Mapadre, nao walikwenda Chuo Kikuu cha Malta kusikiliza masomo ya uganga. Tufikiri kidogo maana yake. Mtoto huyu lugha ya mama yake ilikuwa ya watu wa mto Niger. Kutoka hapo ilimpasa kupita katika Kiarabu cha jangwani na Kifaransa cha Mapadre, ndipo aketi kusikiliza Kiitalia cha maprofesa, na katika lugha hiyo ya nne ajifunze majina ya mifupa na mishipa ya mwili wa mwanadamu. Hakuwahi kusoma shule yoyote kabla ya kukombolewa. Umri wake wenyewe ulikuwa wa kukisia. Mkaguzi wa shule wa nyakati zetu angemwandika katika daftari kuwa ni mwanafunzi aliyechelewa, asiye na wazazi, aliyepatwa na mateso utotoni, na mwenye shida ya lugha. Na yote hayo yangekuwa kweli.

Wala tusidhani kwamba wote walifaulu. Waliofika mwisho na kutumwa katika misioni za Afrika kwa kazi ya uganga walikuwa wachache sana, na nyumba ile ya Malta haikuiona karne iliyofuata. Kwa hesabu ya karani, mpango ule haukulipa. Gharama zilikuwa kubwa na waganga waliopatikana ungeweza kuwahesabu kwa vidole.

Mwaka 1888 Atiman alipanda meli pamoja na wamisionari waliokuwa wakienda maziwa makuu. Kutoka pwani walitembea kwa miguu mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka ziwani. Ajabu ya safari ile haikumpita, nasi isitupite: alikuwa akiifuata kwa hiari njia ambayo watumwa walikuwa wakishushwa kwa minyororo, yeye akienda bara na wao wakija pwani.

Karema ilikuwa nini siku zile? Ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold mwaka 1879, kisha wakawaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Ndani na kando ya kuta zake waliishi watu waliokombolewa na watoto wengi waliookolewa katika misafara. Ng'ambo ya ziwa Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa akiwalinda watu kwa bunduki dhidi ya wakamata watumwa. Basi daktari mpya alipoingia, wagonjwa wake wa kwanza walikuwa watu wa namna yake mwenyewe. Yule mtoto aliyeshtuka usiku, yule asiyejua kijiji chake kiko upande gani, yule mwenye kovu la kamba shingoni, Atiman hakuhitaji kuelezwa habari zao. Twaamini kwamba sehemu hiyo ya uganga wake hakuipata Malta.

Mwaka ule ule wa kufika kwake alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na kwa ndoa hiyo mgeni wa kutoka Niger akawa mkwe wa nchi. Alijifunza Kiswahili na lugha za wenyeji. Alipasua, alifunga majeraha, aliwatazama wajawazito, aliwauguza walioumwa na wanyama wa porini na walioshikwa na ndui. Dawa za Ulaya zilipokawia, na zilikawia daima, kwa kuwa zilitoka pwani vichwani mwa wapagazi, alikwenda kwa waganga wa kienyeji akauliza mizizi na majani yao, akayapima, yaliyofaa akayatumia. Mtu aliyesoma Chuo Kikuu angeweza kuona haya kuuliza. Yeye hakuona haya, labda kwa sababu maisha yake yote alikuwa amejifunza kwa kuwauliza watu wa lugha nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ikaziingia pwani za ziwa na kuua watu wengi, Atiman alikuwapo. Wajerumani wakaondoka, Wabelgiji wakapita wakati wa vita, Waingereza wakashika nchi, Atiman alikuwapo. Aliishi kwa malipo madogo ya misioni, ingawa ufundi wake ungemwezesha kupata mengi mahali pengine. Mwanawe Joseph alipewa upadre mwaka 1923, naye mjukuu huyo wa nyumba mbili, ya Niger na ya Ubende, akawa mmoja wa mapadre Waafrika wa kwanza wa upande ule.

Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozisimulia mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka michache baadaye mji wa Mpanda ukaanza kuinuka kwa ajili ya machimbo ya risasi, na reli ikafika kutoka Kaliua. Nchi ambayo Atiman aliikuta haina njia ila ya miguu ilikuwa sasa yasikia honi ya gari moshi.

Lakini kuna jambo ambalo reli haikulileta. Katika miaka yote ile ya Atiman, mtoto kipofu wa pwani ya Karema hakuwa na shule ya kwenda. Daktari aliweza kulitazama jicho lake, akalisafisha, na pengine akaokoa la pili. Lakini jicho likisha kufa, mtoto alirudi kukaa kibarazani. Shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika ilifunguliwa Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950, na ndugu zetu Waanglikana. Wakati huo Atiman alikuwa amepita miaka 80. Ya kwetu Wakatoliki, Furaha ya Tabora, na ile ya viziwi huko huko Tabora, zilikuja baada ya kifo chake, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazazi wa Mpanda wenye mtoto wa namna hiyo waliweza kumpandisha gari moshi mpaka Tabora, kama walikuwa na nauli, na kama waliweza kustahimili kumwacha. Wengi hawakuwa na la kwanza, na baadhi hawakuweza la pili. Mama amwachaye mtoto wa miaka saba kituoni, naye mtoto hasikii hata neno la kuagwa, tusimhukumu akibadili nia na kurudi naye nyumbani.

Ndiyo sababu twasema kwamba kazi ya ofisa wa elimu maalumu katika wilaya zetu, kutoka Mpanda mpaka Tanganyika na Mlele, ni kazi ya barabarani zaidi kuliko ya ofisini. Mtoto hamwendei, ni yeye amwendee mtoto, mlango kwa mlango, aingie hata katika nyumba ambamo ataambiwa kuwa hakuna mtoto mwingine. Halafu amtafutie mwalimu, kitanda na mtu wa kuamka usiku. Fedha ya pikipiki na mafuta yake tusiihesabu kuwa ni anasa. Mapadre wa Metlili hawakungoja kijana aje kuomba shule, walimkuta sokoni.

Atiman alizikwa Karema. Alikuwa amewapokea duniani watoto, na watoto wa watoto wao, na baadhi ya wajukuu wao, na katika siku za mwisho wagonjwa walikuwa wakija bado mlangoni pake. Kule Malta nyumba ile ya vijana ilikuwa imefungwa zamani sana, na waliofanya hesabu ya gharama zake walikuwa wote wamekwisha kufa.