Henry Dakin, mkemia wa kipimo

Mwaka 2019, wakati wa hofu ya Ebola, sisi tunaovuka Rusizi kwenda Bukavu tulinawa maji ya klorini mpakani. Mama mmoja muuza sambaza alinionyesha viganja vilivyochubuka. Nyumbani alikuwa akichanganya javeli kwa kukadiria tu. Mimi mwalimu wa kemia nikamkumbuka Henry Drysdale Dakin.

Dakin alizaliwa London mwaka 1880, akakulia Leeds. Ujanani alijifunza kazi kwa mkemia wa jiji hilo, akazoea kupima kwa makini. Mwaka 1905 alihamia New York.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alirudi Ulaya. Majeruhi wengi walinusurika risasi wakauawa na vidonda vilivyooza. Huko Compiègne, Ufaransa, akishirikiana na daktari Alexis Carrel, alijaribu dawa zaidi ya 200. Aliyoichagua haikuwa ngeni: hipokloriti ya sodiamu, yaani javeli yetu. Jipya lilikuwa kipimo. Ikizidi asilimia 0.5 iliunguza nyama ya mgonjwa. Ikipungua mno vijidudu vilibaki hai. Aliipunguza ukali kwa asidi ya boriki, na ilitakiwa itumike ikiwa mpya, maana nguvu yake hupotea. Mwaka 1915, katika meli ya hospitali Aquitania, aliitengeneza kwa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari.

Dakin alikuwa mtu wa haya, asiyependa sifa. Alifariki mwaka 1952.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, igawe kwa ile unayotaka, kisha toa 1. Javeli ya asilimia 5 ukitaka iwe 0.5, ni 10 toa 1: kikombe 1 cha javeli, vikombe 9 vya maji. Hiyo ni ya sakafu na vyombo vya mgonjwa. Ya kunawa mikono ni 0.05, hivyo kikombe 1 kwa vikombe 99.

Nilikosoma, uhamishoni Kigoma, hatukuwa na vioo vya maabara. Tulipimia chupa ya soda, mradi chupa iwe ileile tangu mwanzo hadi mwisho.

Yule mama nilimwachia somo hilohilo. Siku hizi ana kopo lake la kupimia, na viganja vimepona.