Soichiro Honda: Fundi gereji aliyekubali kurudi darasani

JINA la Honda si geni kwa mkulima wala mfanyabiashara mdogo. Limeandikwa kwenye pampu za kumwagilia, jenereta, pikipiki na magari madogo yanayosifika kwa kula mafuta kidogo. Hata hivyo, mwenye jina hilo hakuanza na kiwanda wala mkopo wa benki. Alianza kwa kufagia gereji na kubeba mgongoni mtoto wa tajiri yake.

Soichiro Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye aliingia kwenye kazi ya kutengeneza na kuuza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Shuleni Honda hakuwa hodari, lakini mikono yake ilizoea chuma tangu utotoni.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Tokyo kufanya kazi katika gereji ya Art Shokai iliyomilikiwa na Yuzo Sakakibara. Miezi ya mwanzo hakushika spana. Alifanya usafi na kulea mtoto, huku akiwatazama mafundi wanavyofungua na kufunga injini.

Septemba 1, 1923 tetemeko kubwa liliikumba Tokyo na moto ukateketeza gereji hiyo. Honda, ambaye hakuwa hata dereva, aliingia kwenye gari moja la mteja na kulitoa kwenye hatari. Mafundi wengi walirudi makwao. Yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na kuyafufua magari yaliyoungua. Hiyo ikawa shule yake, kwa sababu gari lililoungua humlazimisha fundi kukijua kila kifaa, siyo kile kilichoharibika tu.

Mwaka 1928 Sakakibara alimruhusu kufungua tawi la gereji hiyo mjini Hamamatsu. Honda alikuwa na miaka 21. Magurudumu ya magari mengi ya wakati huo yalikuwa na spoku za mbao zilizolegea na kuungua kirahisi. Honda alibuni spoku za chuma cha kusubu na kupata hataza. Biashara ilishamiri.

Ringi zilizomshinda

Fundi mwingine angetulia hapo. Honda alitaka kutengeneza kitu chake mwenyewe, akachagua ringi za pistoni. Ringi ni duara dogo la chuma linaloizunguka pistoni ili kuzuia moshi na nguvu za mlipuko zisipite pembeni, na kuzuia oili isipande juu na kuungua. Ringi zikiisha, gari hutoa moshi wa bluu na kunywa oili.

Wenzake waliowekeza kwenye gereji walikataa wazo hilo. Akaanza pembeni, na mwaka 1937 ikaanzishwa kampuni ya Tokai Seiki. Ringi zake zilikuwa ngumu na zilikatika ovyo. Honda alilala karakanani usiku mwingi bila kupata jibu. Mwisho alikubali kwamba hakujua sayansi ya chuma, akaenda kuuliza kwenye chuo cha ufundi cha Hamamatsu. Ringi zilipopimwa, zilionekana kuwa na upungufu wa silikoni.

Mtu mwenye gereji yake na wafanyakazi wake akajiandikisha kuwa mwanafunzi. Aliandika yale tu yaliyohusu ringi na hakufanya mitihani, hivyo hakupewa cheti. Hilo halikumsumbua. Hata baada ya hapo, ringi 50 zilipopelekwa Toyota kukaguliwa, 3 tu zilifaulu. Honda alizunguka kwenye viwanda na vyuo kujifunza zaidi hadi akaweza kuzitengeneza kwa wingi. Mwaka 1939 aliwaachia wanafunzi wake gereji ya Hamamatsu ili ashughulike na ringi peke yake.

Vita na tetemeko la Januari 1945 viliharibu viwanda vyake. Vita ilipokwisha aliiuzia Toyota hisa zake, akapumzika karibu mwaka mzima.

Injini za redio

Mwaka 1946 Japani ilikuwa na njaa, treni zilijaa kupita kiasi na mafuta yalitolewa kwa mgao. Honda aliziona injini ndogo za jenereta zilizotumiwa na redio za jeshi, zikiwa zimekaa bure. Akazifunga kwenye baiskeli. Wachuuzi na watu waliokwenda mbali kutafuta chakula walizigombania. Zilipokwisha, alitengeneza injini zake, na Septemba 1948 akaanzisha kampuni ya Honda Motor kwa mtaji wa yeni milioni moja.

Honda alijua injini lakini hesabu za biashara hazikuwa fani yake. Mwaka 1949 alimpata Takeo Fujisawa, akamwachia fedha na mauzo. Mwaka 1952 Fujisawa aliandika barua kwa maduka ya baiskeli zaidi ya 50,000 nchini humo akiyaomba yauze injini ndogo ya Cub. Maduka yapatayo 13,000 yakawa mawakala. Mwaka 1958 ikatoka pikipiki ya Super Cub, iliyobuniwa ili hata mpeleka chakula aliyeshika trei kwa mkono mmoja aweze kuiendesha. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100.

Alipozidiwa na vijana

Mwaka 1963 kampuni iliingia kwenye magari, na mwaka 1967 ikatoa N360, gari dogo la bei nafuu lenye injini ya kupozwa kwa hewa. Honda aliamini kwamba injini isiyo na rejeta wala maji ndiyo bora, kwa kuwa ina vitu vichache vya kuharibika. Lakini gari la Honda 1300 la mwaka 1969 lilikuwa zito na ghali kutengeneza. Wahandisi vijana walisema injini ya maji tu ndiyo ingeweza kutimiza masharti mapya ya moshi.

Honda alikuwa mkali, na wafanyakazi waliwahi kupigwa kwa makosa ya kazi. Kumpinga haikuwa rahisi. Ilibidi Fujisawa amtake achague kati ya kuwa mkuu wa kampuni na kuwa fundi. Alichagua ukuu, na vijana wakapewa ruhusa.

Matokeo yake yalikuwa Civic ya Julai 1972, gari dogo la kupozwa kwa maji. Desemba 1973 ikaongezwa injini ya CVCC. Ndani yake kuna chemba ndogo ambako mchanganyiko wenye petroli nyingi huwashwa kwanza, kisha moto huo huwasha mchanganyiko mwepesi kwenye silinda, hivyo moshi hupungua. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, na gari hilo likapata soko kubwa Marekani.

Halikukosa kasoro. Bati lake lililiwa haraka na kutu, hasa kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. CVCC nayo ina valvu ndogo ya ziada inayohitaji kurekebishwa, na mipira mingi ya hewa kwenye kabureta. Wanaozitunza Civic hizo za zamani hukagua bati na mipira kwanza, kabla ya kuilaumu injini.

Oktoba 1973 Honda alistaafu pamoja na Fujisawa, akiwa na miaka 66. Hakumrithisha mwanawe kampuni. Alimwachia Kiyoshi Kawashima, mhandisi mwenye umri wa miaka 45. Kisha alizunguka Japani kwenye viwanda na maduka, akiwapa mkono wafanyakazi na kuwashukuru.

Alifariki Agosti 5, 1991 akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu mtengeneza magari hapaswi kusababisha foleni barabarani.

Kwa mwenye gereji, duka au shamba, maisha yake yana somo la wazi. Ujuzi wa mikono ulimfikisha mbali, lakini mara mbili ulifika kikomo. Mara ya kwanza alikwenda kuuliza kwa wanaojua, mara ya pili akawapisha vijana. Mara zote mbili biashara ilipona.