Beryl Markham: rubani aliyevuka mpaka na mtungi wa oksijeni

Mzigo uliomtoa Beryl Markham Nairobi usiku ule haukuwa vitenge wala mahindi. Ulikuwa mtungi wa oksijeni wa mchimba dhahabu mahututi huko Nungwe, Tanganyika, kusini mwa Ziwa Victoria. Ameisimulia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1942: ndege ya injini moja, giza, na kiwanja kilichofyekwa porini na kuwekewa mienge.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia shambani kwa baba yake Njoro. Alifundisha farasi wa mashindano kabla ya Tom Campbell Black kumfundisha urubani. Baadaye alibeba abiria, barua na mizigo, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Viwanja vingi vya porini havikuwa na mtu wa kumwambia rubani hali ya upepo. Aliusoma kwenye moshi, vumbi na nyasi. Palipokuwa na nafasi, alitua akiuelekea. Tabu ilianza njia ilipokuwa moja tu na upepo unapiga ubavuni.

Aliyewahi kuvuka mto wenye kasi kwa mtumbwi atanielewa: ukilenga ng'ambo moja kwa moja, maji yanakuteremsha. Rubani naye huelekeza pua ya ndege kidogo upande unakotoka upepo, ikaja mshazari lakini ikafuata njia yake. Inapokaribia ardhi, huinyoosha kwa pedali za miguuni na kushusha kidogo bawa la upande wa upepo, ili gurudumu la upande huo litangulie kugusa. Ikigusa ingali mshazari, inaweza kuvunjika miguu au kupinduka. Ndege za wakati ule, zenye gurudumu dogo mkiani, zilikuwa tundu zaidi: upepo ukiusukuma mkia, pua inageuka ghafla, hata baada ya kutua. Rubani hapumziki mpaka ndege isimame kabisa.

Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Mafuta yalikatika kwa sababu ya barafu. Baada ya zaidi ya saa 20 angani alitua kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada; pua ya ndege ikazama matopeni, naye akatoka na jeraha kichwani.

Alirudi Kenya, akarudi kwa farasi. Alifariki Nairobi mwaka 1986.