Abraham Perold: Mtaalamu aliyeipa Afrika Kusini zabibu yake

Mbegu nne tu ndizo zilizozaa Pinotage, aina ya zabibu ambayo leo Afrika Kusini inajivunia kuwa yake. Aliyezipanda ni Abraham Izak Perold, na nusura zipotee kabla hazijamnufaisha mtu yeyote.

Perold alizaliwa Cape Town mwaka 1880. Alisomea kemia hadi Ujerumani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1904. Aliporudi nyumbani, serikali ya Koloni la Cape ilimtuma ng'ambo kutafuta aina za mizabibu zinazoweza kustawi kwao. Alirudi na aina 177. Mojawapo ilikuwa Barlinka kutoka Algeria, zabibu ya kuliwa kama tunda. Baadaye akawa profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu huko Stellenbosch.

Wazazi wawili, mtoto mmoja

Mwaka 1925 Perold alichavusha aina mbili za mizabibu ili apate mbegu chotara. Ya kwanza, Pinot Noir ya Ufaransa, hutoa mvinyo mwekundu mwepesi wenye harufu nzuri, lakini ni mmea unaodeka: hautaki joto kali na huugua upesi. Ya pili, Cinsaut, huvumilia jua na ukame na huzaa sana. Inaaminika alitaka mtoto mwenye ladha ya mzazi mmoja na ustahimilivu wa mwingine. Wakulima wa Cape waliiita Cinsaut kwa jina la Hermitage, na majina hayo mawili yalipounganishwa ndipo likapatikana jina Pinotage.

Miche iliyonusurika

Mbegu hizo alizipanda kwenye bustani ya nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi, katika shamba la Welgevallen. Miaka michache baadaye aliacha kazi chuoni, akajiunga na KWV, chama kikubwa cha ushirika cha wakulima wa zabibu mjini Paarl. Nyuma yake bustani ikamezwa na magugu.

Vibarua walipotumwa kuisafisha, mhadhiri kijana, Charles Niehaus, alikuwa akipita kwa baiskeli. Alijua kilichopandwa pale, akaiokoa miche. Mwaka 1935 mtaalamu mwingine, C. J. Theron, aliibebesha kwenye mashina ya mizabibu yenye mizizi imara, kama wakulima wanavyobebesha miembe na michungwa. Kati ya miche hiyo minne, mmoja ulionekana bora, na huo ndio ulioendelezwa.

Perold alifariki Desemba 1941, mwaka uleule mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulipotengenezwa. Hakuishi kuona Pinotage ya shamba la Bellevue ikishinda mashindano ya mvinyo ya Cape mwaka 1959, wala chupa ya kwanza yenye jina hilo ikiingia sokoni mwaka 1961.

Huliwa na chakula gani?

Aina ya zabibu ndiyo huamua mvinyo ufuatane na chakula gani. Pinot Noir, kwa kuwa ni mwepesi, hufaa kuku, uyoga na hata samaki mwenye mafuta. Pinotage ni mzito zaidi, una rangi iliyokolea na ukakasi mdomoni, ule unaosikika ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana majani. Ukakasi huo hupungua unapokutana na mafuta na nyama. Ndiyo maana Afrika Kusini huuandaa pamoja na nyama choma ya ng'ombe au kondoo, soseji, na vyakula vya Cape vyenye viungo. Samaki mwepesi hufunikwa na mvinyo kama huo. Yeye hupewa mvinyo mweupe, kwa mfano wa zabibu ya Chenin Blanc.

Leo Pinotage inalimwa pia nje ya Afrika Kusini. Mizabibu yote hiyo asili yake ni ile bustani iliyokuwa ikifyekwa.